Nobu, nati na swichi zilizogoma: uvute, upashe moto, uloweshe au ukate?

Voliumu mpya, yaani kile kifaa cha kurekebishia sauti kilicho nyuma ya nobu, nitaipata Kariakoo, na nikiikosa nitaiagiza. Uso wa alumini ulioandikwa besi na trebo kiwandani mwaka 1976 sitaupata popote, labda ampli (kikuza sauti) nyingine ya aina hiyo ife ili hii iishi. Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kung'oa kitu kilichokwama kwenye paneli, siulizi kwanza ipi ina nguvu zaidi. Nauliza ipi, ikiniponyoka, itaumiza kitu nisichoweza kukirudisha.

Nafanya kazi Tanga, karibu na bahari. Vinavyoletwa mezani kwangu ni risiva (redio na ampli ndani ya sanduku moja) na ampli za Kijapani za miaka ya 1970, redio za Ulaya zenye visanduku vya mbao, na mara mojamoja ampli ya gitaa ya Kimarekani iliyobaki kutoka bendi iliyokwisha kuvunjika. Hewa ya chumvi huzifanyia zote jambo lilelile. Shingo ya voliumu ni ya shaba ya njano, nati ni ya chuma kilichopakwa nikeli, paneli ni alumini. Metali tatu zikigusana ndani ya unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe inaoutoa hujaa kwenye kila mwanya. Nati haijakazwa na mtu. Imekazwa na unga.

Kabla ya kushika chochote, chomoa waya wa umeme na mwaga chaji ya kapasita kubwa, vile vifaa vinavyohifadhi umeme. Risiva ya transista inaweza kuwa na kapasita za mikrofaradi 10,000 au zaidi kwa volti 50 na kitu. Ampli ya valvu, zile taa za kioo za zamani, hubeba volti 300 hadi 450 hata baada ya kuzimwa. Tumia rezista ya wati 5 hivi yenye waya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha hakikisha kwa mita. Bisibisi inayopiga cheche ni mchezo wa vijana, na huharibu kapasita.

Kivuli cha nobu

Huu ni ujanja niliojifunza kwa kuchelewa. Kabla ya kung'oa nobu, yaani kile kishikio cha kuzungushia sauti, bandika tepu ya karatasi kuizunguka na uchore duara kufuata ukingo wake. Ndani ya duara hilo ni kivuli cha nobu. Mkwaruzo ukitokea humo, nobu ikirudi itaufunika na hakuna atakayeujua. Nje ya duara, hata mkwaruzo wa unywele utaonekana kila siku.

Kivuli hiki ndicho kinachoamua njia. Nobu kubwa ya sauti yenye kipenyo cha milimita 35 inakupa uwanja. Chini yake unaweza kutumia tupa, hata msumeno. Swichi ndogo ya kijiti haina kivuli kabisa. Nati yake iko wazi mbele ya macho ya watu, na njia iliyofaa kwa voliumu itakuaibisha hapo.

Kuvuta: kamba, vijiko au pula?

Kwanza hakikisha nobu haina skrubu. Tafuta kitundu ubavuni, na ukishakipata kimoja tafuta na cha pili, maana nobu nyingi nzito zina skrubu mbili zilizoachana robo ya duara. Nimewahi pia kukuta skrubu mbili ndani ya kitundu kimoja, ya juu ikiwa imekaa hapo kuifunga ya chini. Alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 1.5 au 2 hufungua nyingi za Kijapani. Za Kimarekani ni za inchi: 1/16, ambayo ni milimita 1.59, huonekana kama inakubali alenki ya 1.5, kisha inazunguka patupu na kuila kona. Nunua seti ya inchi. Ni rahisi kuliko majuto. Na ukikuta tundu lenye meno sita mithili ya gurudumu dogo, hiyo si ya alenki wala ya toksi (ile ya nyota). Ni aina iitwayo Bristol, iliyopendwa kwenye mitambo ya Kimarekani ya redio, na inataka ufunguo wake.

Kama hakuna skrubu, nobu imeshikwa kwa kubana tu. Hapa mimi huanza na kamba ya kiatu, iliyo bapa. Ipitishe nyuma ya nobu, zungusha mara mbili, shika ncha zote mbili na uvute kwa unyoofu huku ukizungusha nobu kidogo kushoto na kulia. Pale mwanya ulipo mdogo, ukanda wa kanga kuukuu hupita mahali kamba isipopita. Ubaya wake ni kwamba mkono una kikomo, na kamba ikikatika unaanguka na kiti chako. Uzuri wake ni kwamba hakuna chuma kinachogusa uso.

Vijiko viwili, kimoja kila upande, vina nguvu mara nyingi zaidi kwa sababu ni nyenzo. Lakini nyenzo lazima iegemee mahali, na hapo huegemea juu ya uso wako wa mwaka 1976. Kadi ya plastiki chini ya kila kijiko hupunguza hatari, haiiondoi. Alumini ya milimita 3 itavumilia. Bati jembamba la redio ya bei nafuu litabonyea. Zaidi ya hayo, mikono miwili haisukumi sawasawa, na shafti ya voliumu, ule mhimili unaobeba nobu, ikipinda ndiyo basi tena. Vijiko navitumia pale tu ambapo mahali pa kuegemea pako ndani ya kivuli, jambo ambalo ni nadra.

Pula ndogo, aina inayouzwa kwa ajili ya nobu za gitaa, ina makucha yanayoshika nyuma ya nobu na skrubu inayosukuma katikati. Kwa nobu iliyo wazi juu, ambapo ncha ya shafti inaonekana, hakuna kinachoishinda: nguvu yote huishia kati ya shafti na nobu, na uso haubebi chochote. Kwa nobu iliyofungwa juu, skrubu haina cha kusukuma zaidi ya nobu yenyewe, na pula hiyo inabaki pambo. Kwa hiyo usiinunue kabla ya kuangalia ni nobu gani huja kwako. Zangu nyingi zimefungwa, na pula yangu ina vumbi.

Kuna nobu inayokwama kwa kosa la binadamu. Shafti za Japani na Ulaya nyingi ni milimita 6. Za Kimarekani robo inchi, yaani 6.35. Mtu akilazimisha nobu ya 6 juu ya shafti ya 6.35 iliyopasuliwa katikati, inaingia kwa nyundo na haitoki kwa dua. Hapo kamba peke yake haitoshi, na ndipo moto unapoingia.

Moto, lakini moto wa aina gani?

Mafundi wengi husema pasha nobu itanuke. Tufanye hesabu. Alumini hutanuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii moja, shaba ya njano 19, chuma 12. Tundu la milimita 6 ndani ya nobu ya alumini, likiongezwa joto la digrii 60, linapanuka milimita 0.008. Unywele mmoja ni mnene mara kadhaa kuliko hapo, na shafti nayo inapata joto na kutanuka pia. Kazi kubwa ya moto ni nyingine: unalainisha grisi iliyokauka, vanishi na gundi. Ukilijua hilo, huhitaji moto mkali.

Mashine ya kukausha nywele inatosha kwa nobu. Dakika tano hadi kumi, kisha kamba. Plastiki ya ABS huanza kulegea karibu na digrii 100, na nobu nyingi za miaka ile zina kifuniko cha alumini chembamba juu ya moyo wa plastiki, kwa hiyo kinachong'aa kisikudanganye. Bakelaiti ya redio za zamani haiyeyuki, ila hupasuka ikipashwa upande mmoja tu.

Bunduki ya hewa moto ya kuchomolea IC (chipu za saketi) ni ya kuweka mbali na uso. Inafika digrii 300 na zaidi, na wino wa maandishi utabadilika rangi kabla hujasema lo.

Pasi ya kulehemu ndiyo ninayoipenda, lakini kwa kazi moja tu: skrubu ndogo ya nobu iliyofungwa kwa vanishi. Gusisha ncha kwenye kichwa cha skrubu sekunde kumi, acha ipoe kidogo, kisha ingiza alenki. Joto lote linakwenda panapotakiwa. Hakuna mafuta yanayoishinda njia hii kwa skrubu ya aina hiyo.

Kulowesha

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nusu ya vyombo ninavyoletewa vimeharibiwa kwa chupa.

WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kwa hilo inafaa. Ukiipulizia kwenye nati ya voliumu, sehemu yake nyepesi hukimbilia ndani kwa kufuata shafti, huosha ile grisi nzito inayofanya nobu izunguke kwa ulaini wa siagi, na huacha utando unaokamata vumbi. Nati italegea, ndiyo. Voliumu nayo italegea, kwa namna usiyoitaka.

Mafuta ya taa ni ya polepole zaidi na ya upole zaidi. Tone moja kwa sindano ya sirinji, subiri usiku mzima, tone jingine asubuhi. Kwa unga wa alumini naona yanatosha mara nyingi. Mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, hupenya vizuri kuliko vyote nilivyojaribu, na mafundi wa magari wana haki ya kuusifu. Gari halina maandishi ya kuchapwa juu ya nati. Asetoni huondoa maandishi hayo, huyeyusha ABS na hutia ukungu kwenye plastiki inayong'aa. Niutumie kwenye paneli ya nyuma ya bati tupu? Naam. Mbele? Hapana. Mafuta ya breki nayo hubabua rangi, usiyalete karibu.

Chochote utakachochagua, tone liguse nyuzi za nati tu, si shafti, kwa kuwa mwanya wa shafti ndio mlango wa kuingia ndani ya voliumu. Na kama kuna kioo cha stesheni jirani, kumbuka namba zake zimechapwa upande wa ndani. Kiyeyusho kikipanda pale kwa kitambaa kilicholowa, utaondoka na FM yote kuanzia 88 hadi 108.

Nati: plaizi dhidi ya spana dhidi ya soketi

Kwenye risiva nyingi za Kijapani, nati za voliumu huzioni mpaka uso wa mbele utoke. Ukishatoa nobu zote, nati chache na skrubu za juu na chini, uso unawekwa kando juu ya taulo na hofu inakwisha. Kinachobaki ni bati la ndani lisilo na uzuri wa kulinda. Kwa hiyo usipoteze subira yako yote kwenye nati za ndani. Iweke kwa zile chache zinazobana uso wenyewe.

Plaizi ya mdomo mrefu ndiyo adui. Nilikuwa nayo mkononi siku moja, nikifungua nati ya jeki ya hedifoni kwenye ampli ya mzee mmoja jirani, haraka haraka kabla ya umeme kukatika. Ikateleza. Ikaacha mstari wa sentimita mbili unaopita katikati ya 4 na 5 kwenye duara la sauti, nje kabisa ya kivuli. Sikuficha. Mzee alipokuja nilimwamkia, nikamwonyesha kabla hajaketi. Akaisikiliza kwanza, nyimbo mbili nzima. Kisha akasema, "Mwanangu, inaimba vizuri. Ila sasa kila nikiongeza sauti nitauona mkono wako." Sikumlipisha.

Spana ya wazi ni afadhali, ikiwa ni saizi kamili. Nati za voliumu za Kijapani kwa kawaida ni za spana 10, 11 au 12. Za Kimarekani zenye shingo ya 3/8 inchi zinataka spana ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, spana 13 itaingia, itacheza, na itazila kona. Lakini hata spana kamili hupita sambamba na uso, ikiusugua kila inapozunguka. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, itoboe tundu la kuingia nati, ivalishe kama kola. Spana itakwaruza kadi.

Soketi ndefu, ile inayomeza shafti yote, ndiyo chaguo langu, lakini si ile iliyotoka dukani moja kwa moja. Mdomo wa soketi mpya umechongwa kwa ndani ili iingie kirahisi, na mchongo huo hula karibu milimita nzima. Nati ya voliumu ina unene wa milimita 2 hivi. Maana yake soketi inashika nusu ya nati tu, na nusu hiyo ndiyo inayoviringika. Peleka mdomo wa soketi kwenye jiwe la kunolea, uusage mpaka mchongo uishe na uso wake uwe bapa kabisa. Soketi za 10, 11, 12 na nusu inchi zilizosagwa hivyo zimenisaidia kuliko kifaa kingine chochote cha bei mara kumi. Zungusha kwa mpini wa T, ukisukuma kuelekea paneli.

Kisha fanya kinyume cha unachotaka: kaza kidogo kwanza. Ufa mdogo ukishatokea kwenye unga ule mweupe, kulegeza kunakuwa rahisi. Mkono mwingine ushike mwili wa voliumu kwa nyuma, la sivyo itazunguka yote na kukata waya zake.

Nati za mviringo zenye mikato miwili, zinazopendwa kwenye swichi za kijiti na jeki, hazina kona za kushika. Watu hutumia plaizi ya sirklipu, ile yenye ncha mbili kama pini; inafanya kazi mpaka siku inapochomoka. Mimi hukata kipande cha bomba la chuma linaloenea juu ya nati, nikalichonga kwa tupa nikiacha meno mawili. Ni kazi ya nusu saa, na kifaa kinadumu miaka.

Nati ikishakuwa mviringo kabisa, kuna kukata: tupa ndogo pande mbili zinazoelekeana mpaka ukuta ubaki kama karatasi, kisha patasi nyembamba ipasue. Hii ni halali ndani ya kivuli tu.

Vya kubana na vya riveti

Swichi ya umeme ya kubonyeza na soketi ya waya wa nyuma mara nyingi hazina nati. Zina mabawa ya plastiki yanayofunguka nyuma ya bati. Kama unafika kwa nyuma, bana mabawa na usukume. Kama hufiki, kata vipande viwili vya kopo la soda, bati lake ni la sehemu ya kumi ya milimita hivi, uviteleze pembeni mpaka vikandamize mabawa, kisha vuta. Bisibisi bapa kutokea mbele itatoa swichi na itanyanyua ukingo wa rangi pamoja nayo.

Lakini kwa swichi ya umeme sina huruma: baada ya miaka mingi hivi sehemu zake zinazogusana kupitisha umeme zimeungua na mpya itawekwa hata hivyo. Kata mabawa kwa nyuma, isukume, imekwisha. Uhifadhi ni wa kile utakachokirudisha.

Riveti za soketi za RCA (za kuchomekea waya za sauti) na vituo vya spika ziko nyuma, hazionwi na mtu, na njia ni moja: drili. Chukua ncha kubwa kidogo kuliko mwili wa riveti, ukate kichwa tu, usitoboe bati. Ikizunguka pamoja na drili, ishike kwa nyuma na koleo. Funika saketi zote kwa karatasi na tepu kabla, maana kipande kimoja cha alumini chini ya transista za pato (zinazosukuma spika) kitakugharimu kuliko soketi zote.

Au uiache

Njia hii haitajwi kwa sababu haina kifaa. Mwaka jana nililetewa risiva ambayo sauti yake ilikwaruza kila nobu ilipozungushwa. Nobu ya sauti haikutoka. Kamba, dakika kumi na tano za mashine ya kukausha nywele, kamba tena. Nilipomulika kwa tochi niliona ukingo wa gundi ya supa. Fundi wa kabla yangu aliibandika ilipokuwa inachezacheza. Asetoni ingeiyeyusha gundi pamoja na moyo wa plastiki wa nobu. Kukata shafti kungeua voliumu, na voliumu ile ilikuwa na mguu wa nne wa laudinesi (kinachokuza besi sauti ikiwa ndogo), aina ambayo leo ni shida kupata mbadala wake.

Nikafungua kifuniko cha juu. Voliumu ilikuwa inaonekana wazi kutoka nyuma, na karibu na miguu yake palikuwa na ufa mdogo kama kucha. Bomba jembamba la dawa ya kusafishia voliumu, pulizo mbili fupi, nikazungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara thelathini, nikasubiri ikauke. Mkwaruzo ukaisha. Nobu bado iko palepale na gundi yake.